Mcheza gofu wa kulipwa hulipwa na nani?

Mazungumzo haya yalisikika redioni juma lililopita. Nimeyaandika tena kwa ajili ya ukurasa huu kwa sababu waliopiga simu baada ya kipindi walikuwa wengi, na karibu wote waliuliza jambo moja.

Swali lenyewe halikuwa langu. Lililetwa na mzee mmoja fundi cherehani wa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, aliyefika mlangoni petu asubuhi na mapema, kofia mkononi. "Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu, nami nikamkaribisha kiti. Ana binti anayesoma uhasibu chuoni Arusha, mwaka wa pili, anaishi kwa shangazi yake karibu na uwanja wa gofu. Alianza kwa kuwabebea watu fimbo siku za Jumamosi ili apate nauli. Baadaye akafundishwa kupiga, na sasa anawashinda hao aliokuwa akiwabebea. Wiki ile alikuwa amempigia baba yake simu akisema anataka kuacha chuo awe mchezaji wa kulipwa, kwani kuna wanawake Ulaya wanaishi kwa kazi hiyo na yeye amewaona kwenye simu.

"Sasa, mwanangu," mzee akaniambia, "wewe ndiwe msomi wa mambo ya redio. Kama ni wa kulipwa, anayemlipa ni nani? Na mshahara unatoka tarehe ngapi?"

Nikataka kucheka, nikajizuia, kwa maana niliona kwamba mimi pia nisingeweza kumjibu. Nimetangaza habari za michezo kwa miaka mingi, nimesema "mchezaji wa kulipwa" mara zisizo na idadi, na sikuwahi kusimama kujiuliza analipwaje. Nikamwomba anipe siku chache.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tuliozoea kwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi tunapomsikia mchezaji wa kulipwa, tunamwazia kijana wa mpira wa miguu aliyesaini mkataba. Klabu inampa nyumba au fedha ya pango, inampa mshahara mwisho wa mwezi (au inachelewa kumpa, hayo ni mambo mengine), na akiumia goti anakaa benchi huku mkataba ukiendelea. Mcheza gofu hana klabu ya namna hiyo. Ile klabu ya gofu unayoisikia ni mahali pa kuchezea tu, tena kwa kawaida mwanachama ndiye anayelipa ada. Mcheza gofu wa kulipwa hana mwajiri na hana tarehe ya mshahara. Anaingia shindano kwa gharama yake, na mwisho wa juma waandaaji wanagawa fedha kwa kufuata nani amepiga mikwaju michache zaidi.

Kwa maneno mengine, yule wa ridhaa na yule wa kulipwa wanaweza kusimama kwenye majani yale yale, wakapiga mpira ule ule, na wa ridhaa akamshinda mwenzake. Tofauti yao ni ruhusa. Wa ridhaa anazuiwa kupokea fedha ya ushindi kupita kiwango fulani. Tangu mwaka 2022 kanuni za dunia zimeweka kiwango hicho kuwa pauni 700 au dola 1,000 kwa shindano, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu. Ukipokea zaidi ya hapo umekwisha kuvuka mto, na kurudi ridhaa kunataka maombi na kusubiri. Aliyevuka anaruhusiwa kupokea chochote. Ila ruhusa ya kupokea siyo ahadi ya kupewa, na hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa.

Mimi mwenyewe nilipomaliza stashahada ya uandishi wa habari nilifanya kazi miaka sita kama mwandishi wa kujitegemea, nikilipwa kwa habari. Nauli ya kwenda Sikonge na kurudi ilikuwa yangu. Chakula changu, betri za kinasa sauti zangu. Habari ikitoka nalipwa, ikitupwa kapuni nimekula hasara, na wahariri wa chombo hicho, ambacho sitakitaja, walikuwa hodari wa kutupa. Kwa hiyo nilipoanza kuisoma kazi ya hawa wanawake wa gofu nilijiona nyumbani.

Na sisi wa Unyanyembe tungepaswa kuielewa kazi hii kuliko watu wengine, maana mji wetu ulijengwa juu ya biashara ya miguu. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, kila pembe ya ndovu na kila jora la merikani lilipita Tabora juu ya bega la mtu, kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo na kutoka Bagamoyo kurudi, njia ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Walikuwa na ufundi wao, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Wapo waliochukua mzigo wa tajiri kwa ujira na posho. Wapo pia waliosafiri kwa nafsi yao, pembe zao wenyewe mabegani, chakula chao wenyewe, na faida au hasara yao wenyewe wakifika pwani. Wake zao waliofuatana nao walibeba vyungu na kupika, na katika masimulizi mengi ya misafara hao hutajwa mwishoni kama kwamba hawakutembea.

Mcheza gofu wa kulipwa ni huyo wa pili, aliyebeba pembe zake mwenyewe.

Tumchukue mwanamke mmoja wa Kizungu, Anne van Dam, Mholanzi, ili tuione kazi hii ikitembea. Nimemchagua yeye kwa sababu nchi yake si taifa kubwa la gofu. Ni kweli kwamba Waholanzi walikuwa na mchezo wao wa kale wa kupiga mpira kwa fimbo, uitwao kolf, na hubishana na Waskoti juu ya nani alianza, lakini kwa leo wao ni watu wa mpira wa miguu, baiskeli na kuteleza kwenye barafu. Kabla yake alikuwapo Mholanzi mwingine, Christel Boeljon, aliyefika kuchezea timu ya Ulaya mwaka 2011. Njia ilikuwapo, ila haikuwa barabara ya lami.

Van Dam alizaliwa Arnhem mwaka 1995. Alianza kucheza katika mzunguko wa wanawake wa Ulaya, ambao ni mfululizo wa mashindano yanayohama nchi hadi nchi kila juma au kila majuma mawili, kama gulio. Mwaka 2016 alipata ushindi wake wa kwanza katika mzunguko huo, na wala hakuupata Ulaya. Aliupata Xiamen, huko China. Fikiria nauli ya kutoka Uholanzi mpaka China kwa mtu ambaye hana hakika ya kurudi na kitu. Mwaka 2018 alishinda mara mbili Hispania, na mmoja wa ushindi huo ulikuwa wa mikwaju 26 chini ya kipimo, jambo ambalo hata wanaume wakubwa hulitazama mara mbili. Kipimo, kwa asiyefahamu, ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatazamiwa kuitumia kumaliza mashimo yote 18, na kwa viwanja vingi ni 72. Ukitumia michache zaidi uko chini, na katika mchezo huu chini ndiko kuzuri.

Mwaka huo huo alikwenda Marekani kutafuta kibali cha kucheza katika mzunguko wa LPGA, ule ulioanzishwa mwaka 1950 na wanawake 13 na ambao ndio wenye fedha nyingi. Kibali hakinunuliwi. Kilitafutwa kwa mtihani wa raundi nane katika majuma mawili, mashimo 144, kila mtu akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni kwa kuwa nafasi ni chache. Alifaulu. Mwaka 2019, msimu wake wa kwanza huko, aliongoza wanawake wote kwa kupiga mpira mbali, wastani wa karibu mita 260 kwa mkwaju wa kuanzia. Pima kwa macho: ni zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa miguu kwa urefu, na bado chenji inabaki.

Sasa, msikilizaji wa kawaida atadhani kwamba anayepiga mbali kuliko wote ndiye anayepata fedha kuliko wote. La hasha. Mwaka ule hakushinda shindano hata moja la mzunguko wa Marekani. Mkwaju wa mita 260 unahesabiwa mmoja, na ule wa kusukuma mpira uingie shimoni kutoka umbali wa hatua mbili nao unahesabiwa mmoja. Ukikosa huo wa hatua mbili umeupoteza ule wa mita 260. Aliporudi Hispania mwisho wa mwaka alitetea taji lake la mwaka uliotangulia, na mwaka 2022 akashinda nyumbani kwao Uholanzi.

Katikati ya hayo kuna jambo ambalo mzee wangu wa Ng'ambo alilikataa kabisa nilipomweleza. Septemba 2019 Van Dam alikuwa katika timu ya Ulaya iliyowashinda Wamarekani huko Gleneagles, Uskoti, katika Kombe la Solheim, pointi 14 na nusu kwa 13 na nusu, mkwaju wa mwisho kabisa ukiamua. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mwanamke wa Ulaya anayecheza gofu, na mshindi hapati zawadi ya fedha. Michezo ya Olimpiki, ambayo Van Dam aliichezea Tokyo mwaka 2021, nayo ni hivyo hivyo. "Yaani siku ya kazi kubwa ndiyo siku ya bure?" mzee akauliza. Nikamwambia ndiyo, baba, ila siku hiyo ndiyo inayomfanya mtengeneza viatu au mtengeneza fimbo akubali kumpa mkataba wa matangazo, na kwa wengi wao mkataba huo ndio ulio karibu zaidi na mshahara.

Tuiache Ulaya, maana mzunguko huo umewahi kuja mpaka pwani yetu. Desemba 2019, kwa mara ya kwanza, mashindano ya wanawake ya Kenya yaliyo ndani ya mzunguko wa Ulaya yalichezwa Vipingo, wilayani Kilifi, katika uwanja uliopewa jina la mibuyu. Msichana wa Kijerumani mwenye miaka 20, Esther Henseleit, alipiga mikwaju 64 siku ya mwisho, akamaliza 14 chini ya kipimo na kumpita Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja tu. Kwa ushindi ule alimaliza wa kwanza katika msimamo wa msimu mzima wa Ulaya. Miaka mitano baadaye alivaa medali ya fedha ya Olimpiki mjini Paris. Alishinda tena Vipingo mwaka 2022. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Ashok, aliyeshinda kwa tofauti ya mikwaju tisa, na mwaka 2024 akaja Shannon Tan wa Singapore, miaka 19.

Hapa ndipo nilipochukua karatasi na kufanya hesabu mbele ya mzee, kwa sababu fundi cherehani anaelewa hesabu kuliko hotuba.

Zawadi zote za Vipingo mwaka 2019 zilikuwa euro 300,000. Kwa desturi ya mzunguko ule mshindi huchukua kama asilimia 15, yaani karibu euro 45,000. Ni fedha ya kutosha kujenga nyumba Cheyo na kubakiza. Lakini wachezaji walikuwa wengi. Baada ya siku mbili za kwanza hufanyika mchujo, na kwa kawaida hubaki 60 hivi. Wengine wote hufungasha mizigo. Hawapati nusu, hawapati robo, hawapati hata nauli ya kurudi. Na yule aliyevuka mchujo akamaliza mkiani hupata sehemu iliyo chini sana ya asilimia moja. Toa humo tiketi ya ndege, hoteli ya juma zima, chakula, kodi ya nchi aliyochezea, mwalimu, na mbeba fimbo. Wapo walioondoka Vipingo wamevuka mchujo na bado wamepata hasara.

Mzee akauliza kama wanaume nao hula hasara namna hiyo. Nikamwambia hula, ila chungu chao ni kikubwa zaidi. Mwaka huo huo wa 2019, Kenya hiyo hiyo, mashindano ya wanaume yaliyochezwa Karen, Nairobi, yalikuwa na zawadi za euro 1,100,000. Tiketi ya ndege haina bei ya kike. Hoteli haina. Mwanamke analipa gharama ile ile kufuata chungu ambacho hakifiki hata theluthi. Huko juu kabisa mambo yamebadilika, hapana budi tuseme kweli: mashindano makubwa ya wanawake ya Marekani mwaka 2022 yalitoa dola milioni 10, na mshindi Minjee Lee wa Australia akaondoka na dola milioni 1.8. Lakini kufika pale ni kufika pwani. Swali la mzee lilikuwa binti yake atakula nini akiwa bado Ugogo.

Sasa nije kwa mbeba fimbo, ambaye watu wa gofu humwita kedi, maana ndiko binti huyu alikoanzia. Mchezaji anaruhusiwa fimbo 14 zisizozidi. Mfuko ukijaa, pamoja na maji, mipira na koti la mvua, unafika kilo 15 hadi 20. Raundi moja ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi, kama kutoka mjini mpaka kwenye tembe la Livingstone pale Kwihara na kuzidi kidogo, tena unaufanya siku nne mfululizo, bila kuhesabu siku za mazoezi. Mpagazi wetu wa zamani alibeba frasila mbili, kilo 30 na zaidi, kwa hiyo kwa uzito kedi hamfikii. Kwa akili ndiyo wanafanana. Kedi mzuri ni mpagazi na kirangozi pamoja. Anajua upepo unatoka wapi, anajua majani yanalalia upande gani, anamwambia bosi wake asipige fimbo ile achukue hii, na anajua wakati wa kunyamaza. Malipo yake kwa mazoea ni posho ya juma pamoja na fungu la ushindi, hufika asilimia kumi kama mchezaji amekuwa wa kwanza. Naam, hata yeye anategemea mikwaju ya mwenzake.

Ndiyo sababu wasichana wengi wasio na uwezo hubebewa na ndugu zao. Aditi Ashok alipocheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mfuko ulikuwa begani kwa baba yake. Tokyo, alipokosa medali kwa nafasi moja tu akawa wa nne, aliyembebea alikuwa mama yake. Nilipomweleza mzee hayo alitazama mabega yake mwenyewe kwa muda.

Na huku kwetu? Kenya ilipata mwanamke wa kwanza wa kulipwa, Rose Naliaka, aliyekuwa ametamba katika ridhaa kwa muda mrefu. Alipokwisha kuvuka aliona kwamba hakuna mashindano ya kutosha ya wanawake wa kulipwa katika nchi yake wala za jirani, ng'ambo ya mto kukawa kukavu. Alichofanya ni kufungua chuo cha kuwafundisha wasichana gofu, wakiwemo wa familia zisizo na kitu. Katika waliopita mikononi mwake yumo Naomi Wafula, ambaye baadaye alicheza Vipingo pamoja na hao wa Ulaya. Uganda nayo ilimpata Flavia Namakula, wa kwanza kwao. Ukiuliza wanawake hawa wa kwanza waliishi kwa nini, jibu mara nyingi ni kufundisha. Mwanamke wa kulipwa wa Afrika Mashariki ni mwalimu kwanza, na zawadi za mashindano ni mboga tu.

Tanzania tunao wanawake wanaojua gofu, tena sana. Madina Iddi wa Arusha na Hawa Wanyeche wa Lugalo ni majina yanayojulikana nje ya mipaka, na Madina amekwenda kwa majirani akarudi na vikombe. Majina hayo yalijengwa katika ridhaa. Zamani nilidhani ni uoga, nikakaribia kusema hivyo hewani. Hesabu imenifundisha adabu. Mchezaji wa ridhaa akichaguliwa timu ya taifa husafiri kwa tiketi ya chama au ya mfadhili, analala hoteli ya timu, anacheza na wachezaji bora wa nchi nyingine, anarudi kazini kwake Jumatatu. Siku anapotangaza kuwa wa kulipwa, tiketi hiyo inakatika. Mlango mmoja umefungwa nyuma yake, na wa mbele uko Ulaya. Tangu mwaka 2024 yamekuwapo mashindano ya Lina PG, yanayozunguka viwanja vya nchi kumuenzi marehemu Lina Nkya aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa, na wa kulipwa na wa ridhaa hukutana humo. Ni jambo jema na nimelifurahia. Lakini mashindano machache kwa mwaka hayamlishi mtu miezi 12, na wanaume wa kulipwa wa hapa nchini, ambao wengi wao walianza kama makedi, watakuambia hivyo hivyo ukiwauliza kwa upole.

Basi mzee alirudi siku ya tatu, nami nikampa majibu yangu kama nilivyowapa nyinyi. Anayemlipa ni shindano. Tarehe ya mshahara ni Jumapili jioni, kwa wale waliobaki mpaka Jumapili. Nilimwambia pia kwamba sikuona katika kanuni popote kwamba mtu lazima aache chuo ili apige mpira vizuri, na kwamba ridhaa haina umri wa mwisho. Henseleit alishinda na miaka 20, kweli, na Shannon Tan na 19, ila hao walikuwa wameandaliwa na kugharimiwa tangu utotoni, hawakuanza kwa kutafuta nauli ya Jumamosi. Kwa upande wa pili sikumficha kwamba kama binti anao uwezo, kuna miaka ambayo mwili haurudishi. Hilo ndilo gumu, na sikuwa na namna ya kulilainisha.

Mzee hakusema neno kuhusu ndiyo wala hapana. Alichotaka kujua ni kama Vipingo panafikika kwa basi kutoka Arusha. Nikamwambia panafikika, unapita Mombasa, ni mwendo wa kaskazini kutoka mjini na kivuko huna haja nacho. Akasema siku Wazungu hao watakaporudi kucheza pale atamtumia binti nauli, aende akamwombe mmoja wao ambebee fimbo juma zima, asicheze, abebe tu, aone mtu anavyofungasha mizigo siku ya mchujo. "Mimi babu yangu alikwenda pwani mara nne," akasema. "Mara ya kwanza alibeba wa mtu."

Akampigia binti simu pale pale mbele yangu, kwa sauti ya juu kama wanavyofanya wazee, nikasikia kila kitu. Binti alinyamaza, kisha akasema nauli atashukuru, ila baba kama ana cha ziada amsaidie kwanza jambo jingine: mtihani wa chuo ni mwezi wa saba na ada haijakamilika, na katika zile fimbo 14 yeye anazo sita, tena za kuazima.